Kemia Iliyonichukulia Mdogo Wangu

Mdogo wangu Mwanaidi,

Jana mteja mmoja alinionyesha simu yake hapa dukani Kariakoo. "Si mdogo wako huyu?" Ulikuwa wewe, umevaa koti jeupe, huko Ujerumani, unahojiwa. Wakakuuliza ulianzaje kupenda kemia. Ukajibu taratibu kwamba ilianza uani kwetu Ilala, siku ulipomwona mama akitia rangi batiki. Mteja akanipongeza. Nikasema ahsante, nikamfungia kitambaa chake.

Mama hakuwepo siku ile, Mwanaidi. Alikuwa ameenda Feri kununua samaki. Aliyekitoa kitambaa kwenye beseni ni mimi.

Umesahau? Kilitoka kijani, rangi ya mchicha uliochemka. Nikakianika kambani, kikaanza kugeuka buluu mbele ya macho yako. Hata sare ya shule ulikuwa hujavua. "Dada, nani anakibadilisha?" Nikakwambia, "Hewa." Nilijibu tu, kwa kuwa ndivyo mama alivyoniambia. Ukanitazama kama vile nimekudanganya. Mara ukachomoa kitambaa kingine humo humo kwenye beseni, nusu ukaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nusu ukaanza kuipepea. Ulipofungua mfuko, huku buluu, huku bado kijani. Ulipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Mama aliporudi alitugombeza sote wawili, maana kitambaa chenyewe kilikuwa cha bibi harusi. Mimi nililia. Wewe ulikuwa unacheka.

Wivu wangu ulianzia hapo. Tuliona beseni moja, rangi moja. Mimi niliona kazi ya watu imeharibika; wewe uliona kitu ambacho hakikukuacha tena. Kwa nini kilikuita wewe peke yako?

Tangu hapo nikawa kama mtu aliyeletewa mke mwenza. Zamani tulilala kitanda kimoja tukisengenya mtaa mzima mpaka mama atugongee ukuta. Ghafla ikawa kila tukijilaza unaniuliza kwa nini sabuni inatoa mafuta, kwa nini chuma kinashika kutu. Nikikusimulia habari za mchumba wangu, unaitikia "mh" huku unasoma. Hata mwalimu wako wa kemia nilimchukia, yule mama mpole aliyekufungulia maabara Jumamosi, kwa sababu ulirudi kutoka kwake uso unang'aa, na mimi sikuwahi kuung'arisha hivyo.

Lakini siku ya kuchagua masomo ya kidato cha tano mjomba alitaka usome biashara. Akauliza, "Hiyo kemia inauzwa duka gani Kariakoo?" Ukanitazama. Mama naye akanitazama. Ningeweza kunyamaza. Ungesoma biashara, leo tungekuwa tunauza vitambaa pamoja, tunagombania feni. Nilikitaka hicho, wallahi. Nikasema, "Mjomba, mwache. Huyu ukimsomesha kitu kingine ataugua." Akakubali kwa shingo upande, na wewe ukaenda zako, kwanza bweni, halafu chuo, halafu ng'ambo.

Sikudai shukrani wakati ule. Nadai sasa. Mama anawaonyesha wapangaji wote yale mahojiano, na mimi simsahihishi, furaha yake ni kubwa mno. Ila nikibaki peke yangu dukani nayarudia kuyatazama, nikisubiri ulitamke jina langu, ingawa najua hutalitamka.

Nakuonea wivu, mdogo wangu. Na hiyo kemia naionea wivu zaidi, maana yenyewe inakuona kila siku.

Jikinge na baridi, ule vizuri. Sitaki manukato wala viatu mwaka huu. Siku wakikuuliza tena ulianzaje, nitaje. Mama ana sifa nyingine tele. Hii ni yangu.

Nakupenda, na nimekasirika.

Dada yako wa tumbo moja