Mama Mkwe Katika Chumba Kimoja

Jumanne, 2 Juni 1981
Jiko limekataa kuwaka tena. Makaa mabichi. Mke wangu Njeri amepuliza mpaka macho yakawa mekundu, kisha akanilaumu mimi kwa kuwa ndiye niliyeyanunua. Tumekunywa chai vuguvugu. Nimefika kiwandani nimechelewa, fomeni akaangalia saa yake bila kusema neno. Afadhali angesema.

Tumerudi juzi kutoka Bungoma, safari ya kumpeleka bibi harusi akaonwe nyumbani. Basi likafa Timboroa, tukatetemeka hapo mpaka spea ikapatikana. Mama yangu amempenda Njeri. Mashangazi walimkagua mbele na nyuma, wakaridhika. Basi, hilo limepita.

Habari mpya ni mbaya zaidi. Mama yake Njeri anakuja Jumamosi kutoka Murang'a. Anataka kupimwa macho na kununua miwani mjini, tena aone tunavyoishi. Atalala kwetu. Kwetu ni chumba kimoja cha kanju, baraza la jiji la Nairobi, hapa Shauri Moyo, na pazia la maua katikati. Kuna jambo sijamwambia Njeri. Sijui nianzie wapi.

Jumatano, 3 Juni
Nimemwambia. Kwetu mwanamume halali chini ya paa moja na mama wa mkewe. Hampi mkono. Hali naye. Wakikutana njiani, mmoja anakwepa. Si uadui. Ni heshima, tena ile kubwa kuliko zote. Hata jina lake sitaliandika humu. Nimekua nikimwona baba akiruka ua wa michongoma kumkwepa nyanya mzaa mama, na kitambi chake chote.

Njeri alicheka. Halafu akaona sicheki. Akanuna.

Kumbe yeye naye alikuwa na lake. Mama yake hakutaka aolewe huku, alisema watu wa mbali wana mambo yao. Njeri akamhakikishia kwamba mimi ni mtu wa kisasa, sina mila za kusumbua. Sasa atamweleza nini? Amekata shauri atasema niko shifti ya usiku. Tangu niajiriwe nafanya kazi mchana. Nimekubali kwa sababu nilichoka kubishana. Nitalala mtaa wa Kaloleni kwa binamu yangu Barasa.

Jumamosi, 6 Juni
Amefika. Viazi, kabichi, jogoo mmoja mwenye hasira. Nilikuwa jikoni, lile jiko la pamoja la laini yetu ya vyumba, nikidhani nimejificha vizuri. Akaja moja kwa moja, mkono mbele, anatabasamu. Nikashika sufuria kwa mikono yote miwili. Ilikuwa ya moto. Nimeungua vidole viwili na mkono wake umebaki hewani.

Nikamwambia Njeri, nikiangalia ukuta, kwamba nachelewa kazini. Ilikuwa saa tisa mchana. Nimetoka na ovaroli kwapani mbele ya majirani wote, ambao wanajua saa zangu za kazi kuliko mimi.

Barasa anakoroma. Kitanda ni cha mtu mmoja.

Jumanne, 9 Juni
Nakula jikoni nikiwa nimesimama, katikati ya wanawake wa laini. Njeri ananiletea sahani kama anamlisha mlinzi. Jana Mama Atieno, jirani wa mlango wa tatu, aliniuliza mbele ya wenzake, "Wekesa, sasa umekuwa mgeni kwako? Ama umefukuzwa?" Wakacheka wote. Nimeoa au nimeolewa, sijui. Miezi mitatu tu ya ndoa.

Fundi wa miwani amesema mkwe arudi Ijumaa.

Ijumaa, 12 Juni
Miwani haijawa tayari. Fundi amesema Jumatano ijayo. Natamani kwenda nimsagie hivyo vioo mwenyewe.

Leo nimeaibika na nitaandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilitoka kazini mapema kuchukua shati safi. Nilijua mkwe ameenda soko la Gikomba na Njeri. Nimeingia, nimevua, niko kifua wazi, nasikia sauti yake mlangoni. Chumba kina mlango mmoja. Nimetoka kwa dirisha. Mguu ukanasa, nikaanguka juu ya kamba ya nguo za Mama Atieno na shuka zake zote. Watoto walipiga makofi. Nilipoinuka mkwe alikuwa dirishani ananitazama. Macho yake si mabaya kiasi hicho.

Mwanamume kuruka dirisha la nyumba anayolipia kodi. Nimekasirika. Namkasirikia fundi wa miwani, namkasirikia Njeri na uongo wake wa shifti, naikasirikia hii kanju inayojenga vyumba vya kuku na kuviita nyumba. Baba alikuwa na ua wa kuruka na shamba zima la kukimbilia. Mimi nina dirisha.

Njeri amenuna. Anasema mama ameanza kuuliza maswali.

Jumapili, 14 Juni
Yamefika.

Nekesa, dada yake Barasa, ndiye anayetupikia pale Kaloleni. Alinifulia nguo za wiki nzima bila kuombwa, moyo wake mzuri. Asubuhi akanisindikiza na karai la nguo kichwani, ili Njeri azianike kwetu. Tunacheka njiani habari za lile dirisha. Tukakutana na mkwe uso kwa uso, anaenda kanisani na Njeri.

Nikafanya kama ninavyofanya. Nikageuka, nikaingia kichochoro. Nikamwacha Nekesa peke yake barabarani na chupi zangu juu ya karai.

Hata mimi nikifikiria ningekuwa mkwe, ningeamini nini? Mwanamume halali kwake. Anaruka dirisha. Anaonekana asubuhi na msichana mrembo aliyemfulia nguo, kisha anakimbia.

Jumatatu, 15 Juni
Nimerudi kutoka kazini nikakuta kufuli. Ufunguo kwa Mama Atieno. Wameondoka na basi la asubuhi, Njeri na mama yake, hata miwani hawakuingoja. Njeri ameacha sufuria zimeoshwa na kitanda kimetandikwa. Hilo ndilo limeniumiza.

Mama Atieno ameniambia yote, maana kuta zetu hazifichi kitu. Njeri alimwambia mamake ukweli hatimaye, kwamba ni mila, kwamba Nekesa ni binamu. Mama hakusadiki. Alimjibu, "Uliniambia ni shifti. Sasa unaniambia ni mila. Kesho utaniambia ni nini?" Mkwe akasema binti yake hatabaki kwa mtu asiyeweza hata kumsalimia mzazi, na kama nina la kusema niende nikaliseme.

Niende nikaliseme. Mtu ambaye siruhusiwi kumtazama.

Jumatano, 17 Juni
Sukuma wiki imeungua. Nimekula hivyo hivyo.

Nimeenda kwa mjomba wangu aliyenisimamia siku ya posa. Anasema tusiende mbio, wazee watakaa, labda baada ya mavuno. Mavuno! Nilitaka kumuuliza kama yeye angelala peke yake mpaka mahindi yakauke. Nikaaga, nikaondoka.

Namtaka mke wangu. Nalala kitandani kwangu sasa na silali.

Ijumaa, 19 Juni
Nimeomba ruhusa ya kesho. Fomeni ameuliza kuna msiba gani. Nimesema bado.

Barasa atakwenda nami. Anajua kuongea. Mimi nitakaa nyuma, yeye atasema. Ndivyo inavyofaa, na ndivyo nilivyopanga.

Jumamosi, 20 Juni
Murang'a kuna baridi na tope jekundu la kushika viatu. Tumepanda kilima kati ya mashamba ya kahawa, Barasa akifanya mazoezi ya hotuba. Njeri alikuwa uani anachagua maharagwe. Amekonda, au nimetaka tu kuona amekonda. Hakusimama.

Tulikaribishwa ndani. Mkwe akakaa karibu na mlango. Nami nikakaa nikiukabili ukuta, mbele ya picha ya harusi yetu, ambamo mimi ndiye niliyeangalia pembeni. Barasa akaanza. Alianza na historia ya ukoo wetu, akaenda kwenye mito, akaingia kwenye ng'ombe. Mkwe akamkatiza, kwa upole. Alisema yeye haulizi habari za ng'ombe. Binti yake anaishi na mtu gani? Mtu huyo ana mdomo?

Barasa akaniangalia. Njeri alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharagwe. Nilijua nikinyamaza hapo nitarudi Nairobi na Barasa.

Nikasema. Nimeuambia ukuta, lakini nimesema.

"Mama, sikukudharau. Kwetu hakuna mtu tunayemheshimu kama mama wa mke. Ndiyo maana nilikimbia. Nekesa ni binamu yangu, kwetu huyo ni dada. Nilifanya kosa kukubali uongo wa shifti. Naomba nirudi na Njeri."

Baba yangu hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa nyanya maisha yake yote. Nikaikalia mikono yangu.

Nilisikia kiti cha mkwe kikisogea. Nikadhani anakuja kunitazama usoni, na hapo sijui ningefanya nini. Kumbe alikuwa anakigeuza. Alikaa akinipa mgongo, kisha akamwambia Njeri, "Mwambie mume wako nimesikia. Muulize kama chai anakunywa na maziwa."

Njeri akaniuliza. Nikamwambia Njeri ndiyo.

Jumapili, 21 Juni
Tuko nyumbani. Mvua ndogo tangu adhuhuri. Njeri ametundika nguo zake tena nyuma ya pazia na anagombana na jiko.

Jana wakati wa kuondoka nilimtafuta mkwe kwa pembe ya jicho, nijue nipite wapi. Hakuwepo. Njeri akanionyesha kibanda chao cha jiko, cha mbao, kando ya njia. Chini ya mbao niliona gambuti mbili za mpira, zimesimama kimya. Mama wa watu, kwake mwenyewe, amejificha nyuma ya jiko ili mimi nipite bila taabu.

Nilipofika sawa naye alikohoa kidogo. Nikasimama. Nami nikakohoa. Kisha nikachukua mzigo wa Njeri tukateremka kilima.