Komenti Nilizomrukia Mama Milembe

Jumatatu, 10 Machi 2025
Milembe kapost! Milembe mwenyewe, mwimbaji, mtoto wa jirani yetu hapa Dutwa. Kaweka picha ya vijana waliokaa barabarani wiki iliyopita kudai tembo waondolewe mashambani. Chini, majina ya watano waliokamatwa. La tatu ni la kaka yangu Limbu. Nimelilia chooni, wasinione.

Jumatano, 12 Machi
Mama Milembe ana mtoto wa jicho, herufi hazioni. Kaniita nimsomee komenti. Mimi, ninayeshindwa hata kujibu darasani! Za Kiingereza nikazigeuza Kisukuma. Akacheka: kumbe Kiingereza chako si cha kuombea maji!
Matusi nimeyaruka. Nimesoma pongezi tu.

Ijumaa, 14 Machi
Wakili kaja kutoka Mwanza, kajitolea. Aliona posti. Leo kaonana na Limbu — mzima, anauliza kama ndama wake kapona. Mama yangu kapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Bila Milembe, nani angewajua watu wa Dutwa?

Ila kuna komenti moja, ya Kiingereza. Inasema: "Mama yake tunajua anapokaa, nyumba ya bati la bluu." Na kweli ni la bluu. Sikuisoma. Nikasema, "Huyu anakusalimia, mayu." Akaitikia salamu! Mungu wangu.

Jumamosi, 15 Machi
Milembe kapiga, simu ikawekwa spika. Sauti si ya redioni kabisa, imekauka.
"Mama, wananitisha. Mimi nitavumilia, naogopa kwa ajili yako. Niifute?"
"Ufute nini, na watu wote wanakusifu? Muulize binti huyu, ndiye ananisomea."
Nikapewa simu.
"Mdogo wangu, unamsomea zote?"
Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata. Nimemkatia simu Milembe!

Jumatatu Limbu anapelekwa mahakamani. Wakili kasema watu wasinyamaze sasa hivi, wakinyamaza tu imekwisha. Nikisema kweli, posti itafutwa. Nisiposema — huyu mama analala peke yake, mlango wenyewe anaufunga kwa kamba.

Yupo jikoni ananikaangia karanga, anaimba wimbo wa mwanawe. Naandika hapahapa kwenye mkeka wake. Simu inaita tena. Milembe.
Mama Milembe anapaza sauti: "Pokea, mwanangu! Mwambie mama yake haogopi kitu."