Gwaride la Mtu Mmoja

Wewe, keti kwanza. Rafiki yako anayekuandikia, kiranja wa usalama wa bweni, bingwa wa mazoezi ya moto, leo ameumbuka.

Shangazi alimwachia kikaango cha mafuta jikoni, akaenda uani kuanua nguo. "Usitoke hapo." Rafiki yako akatoka. Alikwenda sebuleni kuangalia simu, kidogo tu.

Kurudi, kikaango kinawaka. Moto wenyewe, si mzaha wangu wa kawaida.

Sasa sikia. Bingwa akagonga sufuria kwa mwiko kama kengele ya shule, akatimua mbio hadi uani, akasimama wima, akaanza kuhesabu namba kama kwenye mazoezi ya bweni. "Moja!"

Akasubiri wa pili aitikie. Ndiyo, alisubiri.

Shangazi akamtazama kama mgonjwa, akampita, akazima gesi, akafunika kikaango kwa mfuniko. Basi. Hata tone la maji hakumwaga. Somo hilohilo rafiki yako huwahutubia kidato cha kwanza, kifua mbele.

Shangazi akarudi uani. "Umehesabu wangapi?"

"Mmoja."

"Na bibi yako je?"

Bibi alikuwa chumbani. Miguu yake unaijua, hawezi kukimbia. Rafiki yako alimsahau. Alimsahau kabisa.

Bibi akachungulia dirishani. "Mwacheni amalize gwaride. Mimi nilikuwa naungua taratibu."

Wakacheka. Naye akacheka.

Godoro lake amelihamishia chumbani kwa bibi, karibu na kitanda. Bibi amekubali, mradi asikorome.