Mashine Nyembamba Uliyomletea Binti Yako

Mwanangu,

Salamu zikufikie hapo dukani kwako, katikati ya mabati na makopo yako ya rangi, wewe na mkeo na yule mtoto wenu mdogo. Hamjambo? Kifua kimepona, au bado unaona aibu kunywa dawa mbele ya wateja? Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, lakini siyapi nafasi ya kusema mengi. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo herufi zikipanda na kushuka, wewe zifuate hivyohivyo. Shule niliiacha mapema, lakini kusema kweli sikufundishwa darasani.

Binti yako naye ni mzima. Bado namwita Chiriku, mtoto asiyefungua mdomo mpaka abembelezwe. Kazi zake anazifanyia kwenye chumba cha marehemu baba yako, kile cha kupigia pasi. Meza ndefu ipo palepale, na alama zake za kuungua. Mchana jua huingia dirishani likalala juu ya meza kama shuka lililokunjuliwa, vumbi likaelea taratibu, nami nikakaa pembeni nikishona vifungo. Nasinzia, naamka, nasinzia tena. Saa nyingine sijui kipi nimekiona kwenye kioo cha laptopu na kipi nimekiota.

Filamu anayoitengeneza ni ya katuni, na usicheke, maana najua unavyocheka. Ni habari ya dobi anayepiga pasi mashati ya watu mpaka chumba kinajaa mvuke, mvuke unakuwa mawingu, na mashati yanatoka dirishani yenyewe, moja moja, kwenda kuwatafuta wenyewe. Hakuna anayesema neno. Siku niliyomwona yule dobi akilowesha kidole na kuigusa pasi chapuchapu, nilijidunga sindano. Chiriku alikuwa mdogo sana babu yake alipofariki. Ameniambia uso haukumbuki vizuri, ila mkono anaukumbuka.

Sasa tuje kwako. Ulimletea laptopu mpya, nyembamba kama sahani, inang'aa, ukasema kwa mashine kama ile asipomaliza filamu kabla mwaka haujaisha basi ni uvivu tu, na atakuja kukaa kaunta ya dukani kwako auze rangi. Maneno yale yamekaa humu ndani kama mgeni asiyeaga. Mashine ni nzuri, hakuna anayebisha. Ya kuandikia na kutazamia picha, sawa. Lakini kila Chiriku akifika kwenye mvuke, inakwama. Anasema mvuke ule lazima mashine iupigie hesabu chembe kwa chembe, na hii yako ikianza hesabu inapata moto mpaka nikamwambia marehemu angeipigia pasi kola za mashati. Kisha inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na picha inasimama. Dobi ameinua pasi, mvuke umemfika kifuani, basi. Siku nenda siku rudi mtu yule amesimama vile, nami namtazama kama mtu aliyetaka kuniambia jambo akasahau.

Nilimwuliza kwa nini hakwambii. Akasema baba ametoa kwa moyo wake, atamwambiaje kwamba haifai. Angalia ulivyomlea! Au nilivyomlea mimi, haidhuru.

Basi nikajifanya najua. Nikatangaza kwamba mashine imejaa kama kabati, inataka nafasi. Nikamnunulia diski ya nje, ile kubwa kuliko zote dukani. Akahamishia kazi zake zote humo, akanishukuru kwa adabu, tukakaa kuungoja mvuke. Ukakwama palepale. Nikaitukana ile diski matusi ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba.

Ndipo tukatoka kwenda kutafuta mwenye kujua. Duka la kwanza, muuzaji mwenye tai alitaka kutupa mashine ambayo vitufe vyake vinawaka nyekundu, buluu na kijani. Nikamwuliza nani kamwambia mjukuu wangu anafungua baa. Tukaishia kwa fundi mmoja, mwanamke mwenye miwani wanayemwita Bisibisi, ana kichumba nyuma ya duka la viatu. Yeye hakutuuzia kitu kwanza. Alitaka kujua Chiriku anatengeneza nini na inakwama wapi. Kisha akanieleza kwa upole kwamba diski kweli ni kabati, ila kazi haifanyikii kabatini, inafanyikia mezani, na meza ndiyo ramu. Meza ikiwa ndogo, kutwa nzima unakunja shati hili ili upate pa kukunjulia lile. Nikamwambia basi atuongezee meza. Akaifungua mashine yako mgongoni, akatuonyesha kuwa ramu yake imechomelewa humohumo kiwandani, haitoki wala haiongezwi. Ilivyonunuliwa ndivyo itakavyozeeka. Na kadi ya picha ya peke yake, ya kuusukuma huo mvuke, haina.

Kisha akashusha rafuni jilaptopu moja lililotumika, nene, zito, lina nafasi mbili za ramu, lina kadi yake ya picha, feni mbili, na kioo kisichodanganya rangi. Akasema mtu wa kazi hizi aongeze ramu kwanza, halafu aweke diski ya ndani yenye kasi. Mengine mapambo. Chiriku akalipapasa lile dude kama mtu anayempapasa ng'ombe wa jirani. Kisha akaniambia twende nyumbani.

Sasa kaa kitako, na kama umeshika kikombe kiweke chini. Laptopu yako haipo. Nimeibadilisha. Chiriku alipokwenda kupimwa macho, niliifunga kwenye khanga nikaipeleka kwa Bisibisi, naye akanipa lile nene, ramu imejaa nafasi zote mbili. Zile nyembamba zinapendwa, hakudai nyongeza. Sikuombi msamaha. Ungekuwepo ukamwona baba yako amesimama pale na pasi hewani, ungeipeleka mwenyewe.

Alasiri iliyofuata feni zilianza kuvuma kama mvua iliyo mbali, nikasinzia. Nilipofumbua macho, mvuke ulikuwa umempita kifua, umempita uso, umegusa dari. Dobi akashusha pasi. Akageuka. Nikanusa nguo ya moto na wanga, mwanangu, na humo chumbani hamna makaa wala pasi. Nikamwambia karibu. Chiriku hakuuliza nasema na nani.

Mwishoni kuna mtoto mlangoni anapokea shati la shule. Hakuwa na sura. Nilipouliza, Chiriku akasema ni wewe, ila hajawahi kuona picha yako ya utotoni. Nikamweleza masikio hayo yalivyosimama, na ulivyokuwa ukilivaa shati likiwa bado la moto, ukafumba macho. Amekuchora. Ni wewe kabisa.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya niandike, maana kwenye simu ungenikatiza. Bisibisi aliponiuliza kama mwenye mashine ameridhia, nilisema baba wa mtoto ndiye aliyenituma. Na Chiriku aliporudi akadhani tumeibiwa, nikamwambia hivyohivyo, kwamba nilikueleza yote, nawe ukasema ibadilishwe upesi, kazi ya mtoto isisimame. Akaniuliza kama ni wewe kweli, wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Nikasema ndiyo. Akakaa sakafuni akalia, akasema alidhani hujawahi kuitazama kazi yake.

Jumapili atakupigia kukushukuru. Nimemsikia akijizoeza maneno. Mambo ya kaunta usiyaguse. Sema tu ndiyo, mimi ndiye niliyemwambia bibi yako. Halafu muulize ramu ni nini, na umwache aeleze mpaka amalize, hata wateja wakijaa mlangoni.

Msalimie mkeo, na mtoto wenu mdogo umbusu paji la uso. Majirani wote wanakusalimu, hata yule usiyempenda.

Ni mimi mama yako, mwenye akili zangu timamu.