Bahari Juu ya Kiti cha Meno

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wale wapwa zangu watundu. Natumai goti la shemeji limepata nafuu na cherehani yako haijaanza tena kutafuna nguo za watu. Mimi mzima, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaisha. Najua utasema nimezeeka kabla ya siku zangu. Sema tu, nimeshazoea.

Uliuliza ni kazi gani hii inayonifanya nisipokee simu zako. Ni bahari, dada. Daktari mmoja wa meno alitaka picha ya chini ya bahari ya kubandika kwenye dari, juu ya kiti anachowalaza wagonjwa, ili watoto wakipanua vinywa wawe na cha kutazama zaidi ya koleo. Bosi wetu, ambaye kwa siri tunamwita Jana kwa sababu kila kazi anaitaka jana, akanikabidhi mimi. Alisema hakuna mwenye mkono kama wangu. Bosi akianza kukusifu asubuhi, ujue kuna mzigo unakungoja.

Picha ya kwanza niliichora safi, kila samaki na magamba yake, mchanga unang'aa. Daktari aliitazama, akasema samaki anawaona lakini maji hayaoni, akauliza kama hao wametundikwa dukani. Ofisi nzima ilicheka. Nilicheka nao, ningefanyaje.

Alisema kweli. Ukitaka mtu aamini yuko chini ya maji, huchori maji, unachora yale ambayo maji yanamnyima asiyaone. Maji yanakula rangi. Nyekundu ndiyo inayotangulia kufa, kisha rangi ya chungwa, mpaka kule kwenye kina unabaki na buluu iliyopauka tu. Vilivyo mbali vinapoteza kingo. Mwanga unashuka kwa miali na kuchezacheza mchangani, na kati yako na samaki panaelea chembechembe kama vumbi la chumbani jua likipenya dirishani.

Basi nikaanza upya kwenye kompyuta, tabaka juu ya tabaka: mchanga, matumbawe, samaki, halafu juu yao tabaka la ukungu wa maji, halafu mwanga. Nachora, nafuta, narudia. Shingo ikakakamaa, macho yakawa yanachuruzika machozi yenyewe. Bosi kila akipita nyuma yangu aliuliza kama maji yanajaa au bado yanakupwa.

Picha hiyo ya pili hakuna aliyeicheka. Daktari alijilaza kwenye kiti chake mwenyewe akaitazama, akasema amejikuta amebana pumzi. Bosi alinishika bega mbele za watu, akasema hajawahi kuona mtu akiizima nyekundu taratibu namna ile. Sasa kliniki nyingine za daktari yule nazo zinataka bahari, na zinataka mkono huu huu.

Kumbe mambo bado. Mwenzangu wa meza ya jirani, yule mwenye maneno mengi niliyekusimulia habari zake, alifungua picha ili kuipeleka kwa wachapaji. Akaniomba nimfundishe nilivyoutia ukungu, maana tabaka la ukungu alilikuta limezimwa. Nilikuwa nimesahau kuliwasha, na picha waliyoisifu wote haikuwa na ukungu hata chembe. Akasema ukungu umo ndani ya samaki wenyewe, na yule mkubwa wa mbele si mwekundu, ni kahawia. Nilimtazama samaki yule, dada. Mimi nilimwona anawaka kwa wekundu, magamba yote yanahesabika. Nikamjibu kwamba hiyo ni siri ya ufundi, nikaenda chooni nikajifungia.

Nilikwenda kwa daktari wa macho. Niliomba aniambie ni mtoto wa jicho, maana huyo hutolewa. Akasema ni mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, unakauka, na akili hujijazia yenyewe rangi na kingo ambazo jicho haliioneshi tena. Kilichokwisha kufa hakirudi, na kilichobaki hulindwa kwa dawa kikiwahiwa. Mimi nimechelewa. Bosi nitamwambia Jumatatu, kabla hajanipa bahari nyingine, na kazi ikienda na iende. Naogopa, lakini kudanganya kunachosha kuliko kuchora.

Daktari huyo aliniuliza kama kuna mwingine nyumbani mwenye ugonjwa huu. Nikamsimulia habari za baba, alivyokuwa siku zake za mwisho akiwapita majirani bila salamu, watu wakasema ana majivuno, na wewe na mimi tukimwonea aibu. Hakuwaona, dada. Baba yetu alikuwa hawaoni.

Sikuandikii ili unihurumie. Ugonjwa huu hutembea katika damu, na daktari amesema ndugu wa tumbo moja akapimwe mapema, hata kama anajiona mzima. Nami najua wewe ulaji wako uko machoni kama wangu. Kwa hiyo nakuuliza, na usinifiche kama nilivyokuficha: uzi wa cherehani siku hizi unautunga mwenyewe kwenye sindano, au unamwita mmoja wa watoto?

Nisalimie shemeji, na wapwa uwaambie mjomba anawakumbuka. Utakapojibu, jibu la swali hilo litangulie, salamu zifuate nyuma.

Ni mimi mdogo wako,
Kifutio