Plamedi Anasema Yote

Siku ya tatu, tarehe 5 mwezi wa sita

Mutoto wangu Plamedi ameanza kusema mbele hata nitoe chandarua. Kuku, mvua, kidole chake. Saa mbili alikuwa amekwisha kumuelezea muuza mukate namna baba yake anakoroma. Hajatimiza miaka tatu. Siku zingine nacheka. Juma hii sicheki.

Mudogo wangu Esta iko mu chumba ya nyuma tangu siku ya yenga, siku ya kanisa. Bwana yake alimuchoma mukono na pasi. Alikimbia toka Ngezi na pikipiki, kiatu kimoja mu muguu. Bwana hajui kama iko huku kwetu Mudzipela. Na mimi nakaa na mutoto anayeelezea watu wote kila kitu.

Naogopa.

Siku ya ine, 6

Mama mumoja alikuja kupima robe ninayomushonea. Plamedi, anayemuita Esta tantine, akasema chini ya meza: "Tantine iko na kidonda. Tantine analia." Nilikanyaga mashini kwa nguvu ili kelele imufunike. Mama akauliza tantine gani. Nikasema wa kanisa. Uongo. Nilishona mukono wa robe kinyume.

Baba Plamedi iko mu njia ya Aru na kamio yake ya mizigo. Telefone yake haipite.

Siku ya posho, 8

Nilimuambia Plamedi asiseme kwa watu kama tantine iko hapa. Kosa yangu. Alienda mbio kwa robine ya maji, akatangazia wamama wote: "Kwetu tantine haiko! Haiko mu chumba ya nyuma!"

Nilimupiga kofi ya mudomo. Mara ya kwanza. Alinyamaza mpaka foufou ikaiva. Ile kimya iliniumiza kupita maneno yake.

"Yaya, usimupige juu yangu," Esta akasema. "Nitaenda."

Kwenda wapi?

Siku ya yenga, 9

Bwana ya Esta amekuja. Amevaa kostime, biskwi mu mukono, salamu nzuri. Alikaa, akamuweka Plamedi mu magoti. Akamuuliza mutoto kwa upole:

"Tantine Esta iko wapi, mama?"

"Iko kule nyuma. Utamuchoma tena?"

Bwana alisimama. Mimi pia nikasimama, mu mulango ya kolidoo, makasi ya kukatia vitambaa mu mukono. Sikumbuki kuichukua. Aliniambia nitoke. Sikutoka.

Plamedi hakunyamaza. Alienda inje akaelezea kwa sauti yote: pasi, mukono, ngozi. Wamama walikuwa wanatoka kanisani. Mama Rebeka, jirani yetu, aliingia wa kwanza mu parsele, uwanja yetu, kisha wengine, Biblia zao mu kwapa.

"Mutoto anasema nini?" Mama Rebeka akauliza.

"Watoto wanasema uongo," bwana akajibu.

Esta akatoka mwenyewe. Akafungua bandeji. Wamama wakasogea kuangalia kidonda. Bwana akapita katikati yao, kichwa chini. Kwa mulango ya inje aligeuka, akaniangalia mimi: "Nitarudi."

Nililala na makasi chini ya muto.

Siku ya pili, 11

Jana Mama Rebeka alitusindikiza kwa chef wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu. Alisikiliza, akaandika, akamuita bwana. Bwana hakufika.

Baba Plamedi alirudi jana hiyohiyo, mavumbi mpaka mu masikio. Aliangalia mukono wa Esta, hakuuliza mingi. Leo asubui amemubeba mu kamio kumupeleka Aru, kwa mama yetu. Niliwaangalia mpaka wakapotea kwa kona.

Sasa siye wawili tu, mimi na Plamedi. Kila pikipiki ikisimama kwa njia, naacha mashini, nasikiliza.

Siku ya tano, 14

Esta amefika. Alipiga telefone saa nane. Mbele nimalize kusalimia, Plamedi alininyang'anya. Akamuelezea sisimizi, chumvi iliyomwangika, paka wa jirani. Nilimusikia Esta anapumua, kisha anacheka kidogo.

Niliwaacha. Nikarudi kwa mashini, nikashona polepole ili nisiwasumbue.