Jiwe Lilipo, Mchimba Makaburi Anajua

Mbalizi

Kamwene dada Veronika,

Baridi ya huku inauma mpaka meno. Bwana mpima ardhi wetu anasema zamani sana barafu ilipita hapa, ikaburuta kokoto na udongo, ukafunika mwamba wote. Barafu, Mbalizi! Sasa anataka kuchora ramani ya huo mwamba uliofukiwa. Siku tatu tumezungusha keekee ya kutobolea ardhi, inakwama tu kwenye kokoto.

Jana akapita mchimba makaburi wa kijiji, akatucheka. "Si mngeniuliza? Pale kwenye migomba nilichimba, jiwe likanikuta kiunoni. Kule bondeni nilizama mpaka kidevuni, jiwe sikuliona." Bwana akatoa tepu, akampima yule jamaa goti, kiuno, kidevu, akaandika futi. Kisha wakazunguka pamoja kutwa nzima: "Na hapa je?"

Mimi nikamkumbuka baba. Siku ile tulipomzika nilisimama nyuma ya watu, nikaogopa kuchungulia. Wewe ulikuwa mbele. Wasalimie watoto, jifunike vizuri, halafu uniandikie: jembe liligonga jiwe, au baba alipata udongo wa kumtosha?

Kaka yako,
Kalisti